Mwalimu aliyetoka vitani akaja kutuhesabu

WASIFU wa marehemu ulisomwa na mjukuu wake, kijana wa chuo, kwa kipaza sauti kilichokoroma kila upepo ulipovuma kutoka upande wa mawe. Ulikuwa ukurasa mmoja, umechapwa vizuri: shule alizosoma, chuo cha ualimu, vituo vya kazi, mwaka aliostaafu, watoto, wajukuu na vitukuu. Katikati ya hayo palikuwa na sentensi moja fupi, kwamba mwaka 1978 hadi 1979 marehemu alishiriki vita vya Kagera. Kijana akaisoma, akameza mate, akaendelea na mstari uliofuata, uliohusu uhamisho.

Sisi tuliokaa chini ya turubai la upande wa kushoto tulitazamana. Tulikuwa wanaume na wanawake wenye mvi, ambao miaka 45 kabla ya siku ile tulikuwa watoto wa darasa la pili na la tatu katika shule yake. Kwetu sentensi ile ndiyo iliyomkata mtu yule vipande viwili: mwalimu aliyeondoka na mwalimu aliyerudi.

Simtaji jina. Familia yake ni watu wa kimya kama alivyokuwa mwenyewe, na wanaomjua hawahitaji kutajiwa. Ilikuwa shule ya msingi kwenye njia itokayo Ilongero kwenda Mtinko, Singida Vijijini, katika nchi ile ya mawe makubwa yaliyopandana kama magunia ghalani. Majengo mawili ya tofali za kuchoma, kengele ya rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mwarobaini, na uwanja mwekundu ambao kila asubuhi ulifagiliwa kwa matawi hadi ukabaki na mistari kama ya kitana.

Mwandiko uliokatika

Kesho yake baada ya maziko nilipita shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa, ambaye umri wake ni sawa na wa mwanangu, alinifungulia kabati la bati ambalo mchwa wamekwisha kulionja kwa chini. Ndani yake kulikuwa na madaftari ya mahudhurio ya zamani. Nikatoa la mwaka 1978.

Mwandiko wake ulikuwa umelala upande wa kulia, kwa wino wa buluu, herufi nyembamba za mtu aliyefundishwa kuandika kwa kalamu ya kuchovya. Unakwenda hivyo Januari, Februari, Machi, hadi katikati ya Novemba. Hapo unakatika. Kuanzia Jumatatu iliyofuata mwandiko ni wa mtu mwingine, mnene na wa haraka, na wino ni mweusi.

Historia ya Novemba ile inajulikana. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera ni lake. Siku hizo hizo daraja la Kyaka likabomolewa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa kwa maneno ambayo kila Mtanzania wa rika langu anayakumbuka, ya uwezo, sababu na nia. Jeshi la Wananchi, lililokuwa na askari takriban 40,000, likapanuliwa kwa miezi michache hadi kupita 100,000. Wengi wa nyongeza hiyo hawakuwa askari wa kazi. Walikuwa mgambo, polisi, magereza, vijana wa JKT, wakulima, makarani. Na walimu.

Mwalimu wetu alikuwa amepita JKT na alikuwa akifundisha mgambo wa kata jioni baada ya vipindi. Alipoitwa hakuaga darasa. Tulisikia kwamba lori limewachukua na kwamba limeteremka Sekenke kuelekea Nzega. Alikuwa na umri wa miaka 32, mke na watoto watatu.

Alirudi Agosti 1979. Kampala ilikuwa imeanguka tarehe 11 Aprili, na vita vimekwisha rasmi mwanzoni mwa Juni, majeshi yetu yalipofika mpaka wa Sudan. Katika daftari la mwaka huo mwandiko mnene unakoma ghafla na ule uliolala unarudi. Ila sasa umegeuka kuwa mwekundu.

Baiskeli ya Swala

Wino ule mwekundu ulikuwa wa kuwaandika waliopotea. Shule zilikuwa zimefurika tangu Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoagiza elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo Novemba 1977. Watoto waliandikishwa kwa wingi kuliko madawati, wakafundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba jana yake. Kuandikishwa ni jambo moja, kubaki ni jingine. Katika miezi tisa ambayo yeye, mwalimu wetu mkuu, hakuwapo, na baba wengine hawakuwapo vilevile, watoto 17 wa shule yetu waliacha kuja. Wengi tulikuwa wavulana, na kisa kilikuwa kimoja: mifugo haijichungi.

Mwalimu hakumwita mzazi ofisini wala hakumtuma mtendaji wa kijiji. Alinakili majina 17 kwenye karatasi, akapanda baiskeli yake ya Swala, akaanza kufuata jina moja baada ya jingine.

Mimi alinikuta jioni na mbuzi wa baba, karibu na bwawa. Nilimwona kwa mbali nikataka kukimbia, lakini mbuzi ningemwachia nani? Akashuka, akaegemeza baiskeli kwenye jiwe. Alikuwa amekonda, na chupa ya maji ya jeshi inaning'inia kiunoni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akakaa kimya muda mrefu akiwatazama mbuzi wakinywa.

"Wako wangapi?" akauliza.

Nikamwambia 24.

"Umejuaje?"

Nikasema nawahesabu asubuhi nikiwatoa na jioni nikiwarudisha, maana baba atanichapa akikosekana hata mmoja.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolifuata. "Basi na mimi nimekuja kukuhesabu."

Hakusema la zaidi. Alinisindikiza hadi nyumbani, akakaa na baba uani mpaka giza likaingia. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba Jumatatu mdogo wake baba ndiye aliyetoka na mbuzi. Mbele ya jina langu, kwenye daftari lile, pameandikwa kwa wino mwekundu neno "amerudi" na tarehe.

Bunduki za mabua

Sitaki msomaji adhani kwamba alirudi malaika. Miezi ya mwanzo alikuwa mkali kupita kiasi. Mchakamchaka wetu wa asubuhi, ambao zamani ulikuwa wimbo na vumbi, uligeuka kuwa mazoezi. Tulipanga mstari na kuhesabu namba mpaka jua likapanda, na akikosekana mmoja tulianza upya. Siku moja mtoto wa darasa la kwanza akazimia mstarini. Mwalimu akambeba mwenyewe hadi kivulini, akamwagia maji kutoka kwenye ile chupa, na mikono yake ilitetemeka hivi kwamba maji mengi yaliishia chini. Kuanzia kesho yake tulihesabiwa tukiwa tumekaa darasani. Waliomlilia mazikoni si wote waliompenda tangu mwanzo.

Lakini jambo ninalolisimulia kila mara ni la mabua. Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa, mashamba yamejaa mabua makavu, na sisi wavulana tulikuwa na mchezo mmoja tu. Kundi hili Tanzania, kundi lile Amin. Bua refu ndilo bunduki. Wenye bahati walikuwa na mafungu ya mabua begani, hayo yakawa mizinga ya Saba Saba ambayo redio ilitufundisha kuiogopa na kuipenda. Tulipigania uwanja ule mwekundu mapumziko yote, na Kampala ilianguka mara mbili kwa siku.

Mwalimu alitoka ofisini akasimama barazani. Tukanyamaza tukijua fimbo inakuja. Akashuka, akapita katikati yetu akikusanya bunduki moja moja, hana haraka, mpaka akawa na mzigo wa kuni. Akaingia nao darasa la kwanza. Alichomoa kisu mfukoni, akaketi kwenye kiti cha mwalimu, akayakata yale mabua vipande vya urefu wa kidole, akavifunga kumi kumi kwa kamba za katani. Vilikuwa vijiti vya kuhesabia. Watoto wadogo walijifunzia kujumlisha kwa silaha zetu mpaka mwaka ulipokwisha. Hakututolea mahubiri yoyote kuhusu vita, siku ile wala siku nyingine.

Askari na chaki

Si yeye peke yake aliyebeba jeshi na kuliingiza shuleni. Jirani zetu wa Kenya hawajamsahau Edward Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, akafundisha hisabati Cambridge, kisha mwaka 1928 akaja kuiongoza Maseno, na kuanzia 1940 hadi 1962 akaiongoza Alliance. Alipostaafu hakurudi kwao. Alikwenda kufundisha Pumwani, Nairobi, na kifo kilimkuta mwaka 1966 akiwa bado na chaki mkononi. Hapa kwetu Kanali Iddi Kipingu aliifanya Makongo, shule ya Jeshi, kuwa kisima cha vipaji vya michezo. Watu kama hao huwa na wasifu mrefu, na wanastahili.

Singida yenyewe inajua kumkumbuka mpiganaji. Uwanja mkubwa wa mpira wa mjini unaitwa Liti, jina la mwanamke anayesimuliwa kwamba aliwakabili Wajerumani kwa nyuki. Na Oktoba 2024, Jenerali David Musuguri, aliyeongoza majeshi yetu ndani ya Uganda, alipofariki akiwa na miaka 104, taifa zima lilisimama. Mwalimu wetu alifariki wiki chache baadaye, mvua za kwanza zikinyesha, akiwa na miaka 78. Hapakuwa na mizinga wala gwaride. Mgambo wa kata walijipanga mistari miwili, mmoja wao kavaa ndala.

Jina la kumi na saba

Katika wale 17, mwalimu aliwarudisha 16. Wa kumi na saba alikuwa msichana wa darasa la sita. Tulimjua kwa sauti: yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo za mchakamchaka. Mwalimu alipofika kwao aliambiwa ng'ombe wameshapokelewa na binti ameshakwenda kwa mumewe, mbali, upande wa Wembere. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilikuwa mpya kabisa na ilimlazimisha mtoto wa miaka 7 hadi 13 kuwa shuleni. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na chini ya hapo kwa kibali cha mahakama. Miaka ya msichana huyo ilitegemea nani anaulizwa. Ilichukua hadi mwaka 2019 kwa Mahakama ya Rufani kuthibitisha kwamba vifungu hivyo vya ndoa vinavunja Katiba.

Mwalimu aliendesha baiskeli hadi huko, siku mbili kwenda na kurudi. Alirudi peke yake.

Dada yangu alikuwa darasa lile. Anasema kesho yake mwalimu alifungua daftari, akaita majina kama kawaida, na alipofika kwa msichana yule akaliita jina lake. Darasa likanyamaza. Akasubiri kama anavyosubiriwa mtoto anayekaribia mlangoni, kisha akaendelea na jina la chini yake. Keshokutwa vilevile. Wiki iliyofuata vilevile. Mwanzoni watoto walicheka chinichini, baadaye wakaacha, na kufikia Oktoba, anasema dada, walikuwa wakiinama wenyewe kabla halijaitwa.

Nimewahi kufikiri kwamba aliwaita na wengine moyoni mwake katika ukimya ule, vijana wa lori lile lililoteremka Sekenke. Lakini hayo ni mawazo yangu. Tulipokwenda kumtembelea akiwa amestaafu, ana mizinga yake ya nyuki na shamba la alizeti, tulimuuliza kuhusu mapigano ya Masaka na Lukaya. Alitujibu kwa kutuuliza watoto wetu wako darasa la ngapi, na akataka majina yao.

Ndiyo maana nililitafuta daftari la darasa la sita la mwaka 1979. Mtoto akiwapo huwekewa mkwaju mdogo, asipokuwapo bila sababu huandikiwa herufi ya utoro. Mstari wa msichana yule hauna mkwaju wala herufi. Kuanzia siku mwalimu aliporudi kutoka Wembere hadi siku ya kufunga shule, visanduku vyake vyote viko wazi, safi, kila kimoja kikingoja. Hakuwa mtoro. Mwalimu hakukubali kuandika kwamba ni mtoro.

Nilivihesabu kwa ncha ya kidole. Mwalimu mkuu wa sasa, aliyesimama nyuma yangu akishika funguo za kabati, akaniuliza kwa upole kama natafuta jina langu anisaidie. Nikamwambia langu nimeshaliona.