Kupona baada ya upasuaji wa tezi dume kwa leza

Kupona baada ya upasuaji wa tezi dume kwa leza ni kipindi cha wiki kadhaa ambacho mwanamume aliyetolewa sehemu ya tezi dume iliyokua kupita kiasi huuguza kidonda cha ndani akiwa nyumbani.

Upasuaji huo hutibu ukuaji wa tezi dume usio saratani, unaowapata hasa wanaume waliozidi umri wa miaka 50. Daktari hupitisha kifaa chembamba katika njia ya mkojo, hivyo tumbo halipasuliwi wala hakuna mshono. Kuna mbinu zinazochoma tishu hadi kuwa mvuke. Nyingine, ya leza ya holmi, humenya tishu kutoka ndani ya tezi. Iliendelezwa nchini Nyuzilandi katika miaka ya 1990.

Mpira wa mkojo

Mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo, ambao mara nyingi hutolewa baada ya siku 1 hadi 2. Akirudi nyumbani nao, mfuko hukaa chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi nyuma, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kuugusa.

Wiki za kwanza

Kwa kuwa hakuna kidonda kinachoonekana, wengi hujiona wamepona mapema. Lakini magamba ya kidonda hubanduka ndani katika wiki za pili na tatu, na damu iliyokwisha kukoma inaweza kurudi katika mkojo. Kwa sababu hiyo mgonjwa hushauriwa kutobeba mizigo mizito, kutolima na kutopanda baiskeli au pikipiki kwa wiki 4 hivi.

Kujikamua chooni pia huweza kuleta damu. Mboga za majani, papai, maharage na maji ya kutosha hulainisha choo. Wengine hupunguza maji wakiogopa maumivu ya kukojoa. Kumbe mkojo mzito ndio huchoma zaidi. Dawa za kuzuia damu kuganda hurudiwa kwa agizo la daktari tu.

Kujizuia mkojo

Kukojoa mara kwa mara, kubanwa ghafla na kuvuja matone ni mambo ya kawaida mwanzoni. Kwa wengi hupungua katika wiki au miezi michache. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo, husaidia.

Tendo la ndoa

Kwa kawaida huahirishwa kwa wiki 2 hadi 6. Baadaye shahawa mara nyingi huingia kibofuni badala ya kutoka nje. Hali hiyo haina madhara kwa afya, ila hupunguza uwezo wa kuzalisha. Si sawa na kupoteza nguvu za kiume, ingawa wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Dalili za hatari

Mgonjwa anapaswa kuwahi hospitali akishindwa kabisa kukojoa, akitoa damu nzito au mabonge, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma.

Ufuatiliaji

Upasuaji huu hauondoi tezi dume yote. Sehemu inayobaki inaweza kupata saratani, kwa hiyo aliyepona bado anahitaji kupimwa kama wanaume wengine wa rika lake.