Benki ifiche au ifichue? Sheria mbili zinazosimamia siri za mteja

MTEJA anapofungua akaunti ya benki hudaiwa kitambulisho, nambari ya PIN ya ushuru, nambari ya simu na maelezo kuhusu kazi yake. Pindi anapokabidhi stakabadhi hizo, zinakuwa chini ya sheria mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zinavutana. Moja inaiamuru benki izilinde na kuziharibu haja yake inapokwisha. Nyingine inaiamuru izihifadhi kwa miaka mingi na kuzitoa serikalini zinapohitajika.

Sheria ya kukabili mapato ya uhalifu na ulanguzi wa fedha ilipitishwa nchini Kenya mwaka wa 2009. Msingi wake ni viwango vya FATF, jopo la kimataifa lililoundwa na mataifa ya G7 jijini Paris mnamo 1989. Falsafa yake ni ile ya wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Benki sharti imjue mteja wake, ichunguze chimbuko la fedha zake, na iripoti shughuli za kutiliwa shaka kwa Kituo cha Kuripoti Masuala ya Fedha. FATF hutaka rekodi zihifadhiwe kwa angalau miaka mitano. Kenya ilichagua saba.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa upande wake, imejengwa juu ya haki ya faragha iliyo katika Kifungu cha 31 cha Katiba. Inataka zikusanywe habari zinazohitajika tu, zitumike kwa lengo lililotajwa, na zisiwekwe kupita muda unaofaa. Data ikivuja na kuhatarisha wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72.

Kuna pia kanuni za PCI DSS, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2004 na kampuni kubwa za kadi za malipo. Hizi si sheria ya Bunge bali ni masharti ya mkataba. Zinamkataza mfanyabiashara kuhifadhi ile nambari ya siri iliyo nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa, hata kama ameifunga kwa msimbo. Sababu ni wazi: mwizi hawezi kuiba kisichokuwepo.

Je, benki itii ipi? Jibu limo ndani ya sheria ya data yenyewe. Inaruhusu habari zikusanywe bila idhini ya mwenyewe pale ambapo sheria nyingine inalazimisha, na inaruhusu zihifadhiwe zaidi kwa sababu iyo hiyo. Kwa hivyo, mteja aliyefunga akaunti yake leo hawezi kuishurutisha benki ifute jina lake kesho. Miaka saba ni lazima itimie kwanza.

Vivyo hivyo, haki ya mteja ya kujua habari zake zinavyotumiwa ina kikomo. Mfanyakazi wa benki anayemdokezea mteja kwamba ameripotiwa kwa kushukiwa kulangua fedha anatenda kosa la jinai.

Hata hivyo, ruhusa hiyo haiwapi wakopeshaji uhuru wa kufanya watakavyo. Nambari ya simu iliyotolewa kwa ajili ya utambulisho haigeuki kuwa chombo cha matangazo, wala cha kuwaaibisha wadeni. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia jumbe za vitisho.

Kupuuza upande wowote kuna gharama. Anayekiuka sheria ya data anaweza kutozwa hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo. Nako kulegea katika vita dhidi ya ulanguzi wa fedha kuliifanya FATF kuiweka Kenya katika orodha ya mataifa yanayofuatiliwa kwa karibu mnamo Februari 2024.

Basi mwananchi anayeombwa kitambulisho na benki asione ajabu, kwani hilo ni takwa la sheria. Akiona habari zake zimetumiwa kwa jambo lisilohusiana na akaunti yake, ana haki ya kuwasilisha malalamishi kwa Kamishna wa Data.