Ndugu wa Nyanya: wa Kupika na wa Kuogopa

Unapokaanga nyanya, kumenya viazi mviringo na kukata bilinganya, unapika ndugu watatu wa ukoo mmoja wa mimea. Mnavu, nyanya chungu na pilipili nao ni wa ukoo huo. Lakini katika ukoo wapo pia wasiofaa kuletwa mezani.

Mmoja huota mbali nasi, katika misitu ya milima mirefu ya Kenya na Tanzania. Ni kichaka chenye miiba, maua ya zambarau hafifu na tunda la njano lililochongoka. Ni adimu mno, na wataalamu walikipa jina mwaka 2010 tu: Solanum phoxocarpum, yaani chenye tunda lililochongoka. Tunda hilo hudhaniwa kuwa na sumu.

Ikiwa wataalamu walichelewa hivyo kuutambua mmea, mtoto wa miaka 3 atajuaje lipi la kula? Sisi wa Kiongoroni hatuna milima, ila ndugu zake tunao huku pwani. Ndulele huzaa matunda ya njano yanayovutia watoto. Mnanaha huota majalalani, na mbegu zake ni sumu kali.

Dalili za kuangalia

Aliyekula ndulele huweza kuumwa tumbo, kutapika, kuhara na kusinzia. Aliyekula mnanaha hukauka mdomo, ngozi huwa ya moto, mboni za macho hupanuka, naye huweweseka kama mwenye homa kali ya malaria.

Ufanye nini?

1. Toa mabaki mdomoni, kisha umsukutue kwa maji.
2. Usimlazimishe kutapika, wala usimnyweshe maziwa au mafuta.
3. Akisinzia au kupata degedege, mlaze kwa ubavu.
4. Chukua tunda au tawi alilokula, ukumbuke na saa, umpeleke kwa mganga wa zahanati.

Huku delta safari yaweza kuwa ya mtumbwi, tena ya kungoja maji yajae. Kwa hiyo usisubiri dalili. Ondoka mara ujuapo amekula.

Mizizi ya ndulele wengine huitumia kwa maumivu ya tumbo. Usimpe mtoto. Kiazi kilichogeuka kijani nacho kina sumu, kitupe. Kisha mfundishe mwanao sheria moja: tunda la porini haliliwi kabla mama hajaliona.