Kitabu Kilichojaa Mistari Si Kitabu Kilichosomwa

Kifunue kitabu cha mtu yeyote anayejiandaa na mtihani wa Kidato cha Nne. Aghalabu utakuta kurasa zimejaa rangi ya manjano na mistari ya wino mwekundu, toka juu hata chini. Mwenyewe huridhika kwamba amesoma. Lakini ufunike ukurasa huo, kisha umwulize unasema nini. Mara nyingi hukosa la kujibu.

Jambo hili lawahusu hasa wasomao baada ya kazi. Makambako, penye stesheni ya TAZARA na njia panda ya kwenda Mbeya, Njombe na Songea, na huko Njombe kwenye chai na mbao, mfanyakazi aliyekatizwa masomo aweza kuyarudia na kufanya mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ada yake hutoka katika kipato kile kile kinunuacho unga na mkaa. Saa moja aipatayo usiku, watoto wakisha kulala, ni mali. Akiipoteza, amewapunja na walio nyumbani.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake, wanasaikolojia wa Marekani, walizipima njia 10 za kujifunza. Kupigia mstari na kusoma tena na tena waliziweka miongoni mwa njia zenye manufaa madogo. Zilizoshika nafasi ya juu ni mbili: kujiuliza maswali na kuyajibu bila kutazama kitabu, na kuyagawa masomo katika siku nyingi badala ya kuyarundika usiku mmoja.

Sababu yake si fumbo. Jicho likipita juu ya maneno liliyoyazoea, akili hudhani inayajua. Lakini kutambua si kukumbuka. Waweza kuitambua sura ya mtu sokoni na jina lake usilijue.

Je, tuitupe kalamu? La, hasha! Soma kwanza sehemu nzima bila kuandika lolote. Kisha rudi, uchague neno moja au mawili yaliyobeba hoja ya kila aya, uyawekee alama. Kama kitabu ni cha kuazima, usikichafue. Andika namba ya ukurasa katika daftari lako. Halafu igeuze kila alama kuwa swali. Mathalan: kwa nini Njombe ni baridi kuliko Dar es Salaam? Siku ya pili jibu kitabu kikiwa kimefungwa. Baada ya wiki moja, jibu tena.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi watu watatu au wanne wawe na daftari moja la pamoja: maswali ukurasa wa kushoto, majibu wa kulia. Kila mmoja achukue mada yake, aifundishe kwa wenzake. Kwa kuwa masomo mengi ya sekondari yameandikwa kwa Kiingereza, ayeleze pia kwa Kiswahili. Akishindwa, hajayaelewa bado. Lakini jihadharini na mwenzenu asubiriye tu picha za daftari kwenye simu. Muhtasari ulioandikwa na mwingine ni nguo ya kuazima: haistiri katika chumba cha mtihani.

Kujifunza kwa vikundi si kugeni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikaa vikundini, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu na kujadiliana. Hawakuishia hapo, walikwenda wakachimba vyoo. Somo lilikamilika lilipotoka kitabuni likaingia katika maisha yao.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwako yupo asomaye, msaidie. Mwenzi au mtoto ajuaye kusoma aweza kulishika daftari na kuuliza maswali wakati ugali unaiva. Hahitaji kuijua mada, kwa maana jibu liko ukurasa wa kulia. Dakika 10 za maswali hayo zaweza kuwa na faida kuliko saa nzima ya kupaka rangi.