Tovuti Yako Ikae Wapi Ndipo Mteja Aione?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Usemi huo ulitoka katika zama ambazo muuzaji na mnunuzi walikutana ana kwa ana sokoni, na kizuri kikaonekana kwa macho. Siku hizi, ndugu msomaji, mteja wa Mbagala anayetaka kitanda cha mninga haanzi kwa kuzunguka mitaani. Huitoa simu yake mfukoni, akaandika maneno mawili matatu, kisha akangoja kujibiwa. Majina machache yatakayotokea juu ya orodha ndiyo yatakayopigiwa simu. Jina lililoko ukurasa wa tano, hata likiwa la fundi hodari kuwapita wote, ni sawa na duka lililofungwa.

Ndiyo maana familia nyingi za mijini zenye shughuli ndogo ndogo, kama vile ushonaji, useremala, upishi wa sherehe au nyumba ya wageni, hujinyima ili zipate fedha za kufungulia tovuti. Zifikapo kwa wauzaji wa huduma hiyo hukutana na maneno yanayogongana. Huyu husema kwamba kompyuta inayohifadhi tovuti isipokuwa hapa nchini, Watanzania hawataiona. Yule husema ipelekwe Marekani, kwa kuwa huko ndiko iliko mitambo mikubwa. Kila mmoja ana bei yake, na kila mmoja huapa kwamba ndiye mkweli.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo lilivyo, ili fedha ya familia isipotelee pasipostahili. Kwa ufupi ni hivi: mahali ilipo kompyuta hiyo hapana uzito mkubwa katika kupanga majina. Lenye uzito ni kuitambulisha waziwazi nchi unayoikusudia.

NYUMBA NA JINA

Kwanza tuelewane juu ya vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kurasa za tovuti huhifadhiwa ndani ya kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, iitwayo seva. Hiyo ndiyo nyumba ya tovuti. Kila seva ina anwani ya tarakimu, na kwa kuitazama anwani hiyo yawezekana kukisia seva iko nchi gani. Kitu cha pili ni jina ambalo watu huliandika ili kuifikia tovuti, yaani kikoa, mathalani jina linaloishia kwa .co.tz au .com.

Seva yaweza kuwa Dar es Salaam, Frankfurt au Chicago, na jina likabaki lile lile. Waweza kuhamisha kurasa zako kutoka seva moja hadi nyingine usiku mmoja, na wateja wasitambue kitu. Kubadili jina, hata hivyo, ni sawa na kuhama mtaa bila kuaga: barua zote zitaendelea kwenda kwenye anwani ya zamani mpaka upange utaratibu wa kuzielekeza upya.

MTAMBO HUTAZAMA NINI

Mtambo wa kutafutia unaotumiwa na watu wengi zaidi duniani ni Google, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin. Mtambo huo hupita katika kurasa za tovuti, ukazisoma na kuyaweka yaliyomo katika faharasa kubwa mno. Mtu anapouliza, huichambua faharasa hiyo na kuzipanga kurasa zinazoelekea kumfaa.

Mahali alipo mwulizaji ni jambo linalotazamwa sana. Mtu wa Mwanza anayetafuta fundi wa friji hana haja na fundi wa Nairobi. Tangu mwaka 2017 Google imekuwa ikitoa majibu kwa kufuata mahali mwulizaji alipo, wala si kwa kufuata anwani ya Google aliyoifungua. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba anwani zake za nchi mbalimbali zitaelekezwa kwenye ile moja ya .com.

Basi mtambo ukishajua mwulizaji yuko wapi, unabakiwa na swali la pili: ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi gani? Hapo hutafuta dalili. Dalili iliyo wazi kupita nyingine ni mwisho wa kikoa. Jina linaloishia kwa .tz latangaza Tanzania, kama vile .ke inavyotangaza Kenya na .it inavyotangaza Italia. Zinafuata dalili za ndani ya ukurasa: lugha iliyotumika, anwani ya mtaa na mji, namba ya simu, na fedha inayotajwa katika bei. Ukurasa unaotaja shilingi, Keko na namba inayoanza kwa +255 hauhitaji kuapa kwamba ni wa Tanzania. Tena yako maelekezo ya kutoka tovuti nyingine za nchini, mathalani chama cha mafundi kinapoiweka tovuti yako katika orodha ya wanachama wake.

Na seva je? Google katika mwongozo wake huitaja miongoni mwa dalili, lakini husema kwamba si dalili ya kukata shauri. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Tovuti nyingi za nchi moja huhifadhiwa katika nchi nyingine yenye umeme na mitambo ya kuaminika zaidi. Nyingine huwekwa nakala katika seva za miji mingi kwa wakati mmoja. Kama mtambo ungeihukumu tovuti kwa nyumba yake tu, ungekosea mara nyingi kuliko kupatia.

TAHADHARI KUHUSU MAJINA

Hapa pana mtego unaostahili kuangaliwa. Si kila mwisho wa jina wenye asili ya nchi huhesabiwa kuwa wa nchi hiyo. Mwisho .tv ni wa Tuvalu, .me ni wa Montenegro na .co ni wa Kolombia, lakini kwa kuwa watu wa dunia nzima huutumia kwa shughuli za kila namna, Google huuhesabu kuwa wa jumla, kama .com. Kwa hiyo mtu akikuuzia jina linaloishia kwa .co peke yake, fahamu kwamba hukununua .co.tz. Tofauti ni herufi mbili tu, lakini moja yaitaja nchi yako na nyingine haitaji nchi yoyote.

MBALI HUCHELEWESHA

Je, tuseme basi kwamba mahali pa seva si kitu kabisa? La hasha. Mahali hapo hugusa mambo mengine mawili, nayo ni kasi na uhakika wa kufikika.

Habari husafiri ndani ya nyaya za kioo kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi New York ni zaidi ya kilomita 12,000 kwa mstari ulionyooka, na nyaya za baharini hazinyooki. Ombi moja la kwenda na kurudi hula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ukurasa mmoja waweza kuhitaji safari nyingi za namna hiyo kabla haujafunguka. Mteja mwenye simu ya bei nafuu na kifurushi kidogo huchoka, akafungua tovuti nyingine. Google nayo iliingiza kasi katika vipimo vyake mwaka 2010, kisha mwaka 2018 ikaanza kuipima kwa upande wa simu za mkononi. Kipimo hicho ni kidogo kikilinganishwa na manufaa ya maandishi yenyewe, lakini kipo.

Kuhusu kufikika, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata shida kubwa ya intaneti. Katika siku kama hiyo ukurasa uliohifadhiwa nchini waweza kumfikia mteja wa nchini bila kuvuka bahari.

Hata hivyo ukaribu peke yake hautoshi. Seva ya jirani inayozimika kila umeme ukikatika ni mbaya kuliko seva ya mbali isiyozimika. Msomaji wa Google, ambaye kwa kawaida hutuma maombi yake kutoka anwani za Marekani, akigonga mlango mara kwa mara asifunguliwe, mwishowe huziondoa kurasa hizo katika faharasa.

MIFANO MIWILI

Tuchukue mfano wa seremala wa Keko ambaye wateja wake wote wako Dar es Salaam na mikoa ya jirani. Huyu anafaa kuwa na jina la .co.tz, kurasa za Kiswahili zenye picha nyepesi, bei kwa shilingi na anwani kamili ya karakana. Ajiandikishe pia katika ramani ya Google, kwa kuwa mteja anayeuliza fundi wa karibu huonyeshwa kwanza walioko katika ramani hiyo. Seva ikiwa Dar es Salaam na iwe imara, ni vema. Ikiwa Ulaya na iwe ya haraka, hatapoteza wateja kwa sababu hiyo.

Mfano wa pili ni familia yenye nyumba ya wageni huko Jambiani, Unguja, inayotegemea wageni kutoka Italia na Ujerumani. Kwa familia hii .tz haitamfungia mtu mlango, lakini itaitambulisha tovuti kuwa ya Watanzania kwanza. Jina la jumla kama .com, lenye kurasa za Kiitaliano na za Kijerumani zilizoandikwa na mtu azijuaye lugha hizo, litaifaa zaidi. Fundi wa tovuti aweke ndani ya kurasa alama zinazouarifu mtambo kwamba ukurasa huu ni wa Kiitaliano na mwenzake wa Kijerumani ni ule. Asimlazimishe mgeni kwenda ukurasa fulani kwa kukisia nchi yake, kwa maana msomaji wa Google, akidhaniwa kuwa Mmarekani kila ajapo, hataziona kurasa nyingine. Nakala za tovuti zikiwekwa katika seva za Ulaya, mgeni wa Milan ataifungua upesi.

KABLA YA KULIPA

Ndugu msomaji, kabla familia yako haijatoa fedha, kaeni chini mjiulize. Kwanza, mteja wetu anaishi wapi, na anauliza kwa lugha gani? Pili, je, kurasa zetu zinamweleza tulipo, tunachouza na bei yake? Tatu, seva tunayouziwa huzimika mara ngapi, na kurasa hufunguka upesi katika simu ya kawaida? Ombeni mwonyeshwe tovuti nyingine zilizomo katika seva hiyo, mzifungue kwa simu zenu wenyewe. Atakayewaahidi nafasi ya kwanza kwa kuhamisha seva peke yake, mshukuruni na kumuaga.

La nne ndilo kubwa. Hakikisheni kikoa kimeandikishwa kwa jina lenu, wala si kwa jina la fundi aliyewatengenezea. Seva ikiwaudhi mtahama. Jina likiwa mikononi mwa mtu mwingine, mkigombana naye mtaanza upya, na mtambo utawahesabu kuwa wageni. Wekeni hati ya kuandikisha pamoja na vyeti vingine vya nyumbani, na tarehe ya kulipia tena iandikwe katika kalenda, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.