Juu ya Nini Ndoo Ingali ku Mulango?



Juzi kijana mumoja alipita mbele ya ndoo na kusema kwa sauti: « Korona ilishaka kwisha, muko natuchokesha tu! » Wengine wakacheka. Basi nimeona vema kueleza kidogo.

Mgonjwa wa kwanza wa inchi yetu alijulikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Masomo yalifungwa tarehe 19, na siku chache kisha, Lubumbashi yote ilifungiwa manyumbani saa 48. Sisi wafinalisti wa leo tulikuwa wadogo, tulifurahi kama ni konje. Kumbe ilikuwa miezi! Mu Agosti walirudi wa mwaka wa mwisho tu, wengine wakangoja Oktoba. Tena tarehe 18 Desemba masomo yakafungwa mupaka 22 Februari 2021.

Watu walinungunika: mbona wanafungua kidogo kidogo? Sababu iko. Virusi ile inaweza kukaa ndani ya mutu mupaka siku 14 mbele ya homa kuonekana, na wengine hawaone homa hata kidogo, lakini wanaambukiza. Ukifungua leo, kesho hutaona kitu. Lazima kungoja majuma mawili ao zaidi njo ujue kama ulifungua vizuri.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya la Dunia lilisema hatari kubwa imepita. Halikusema ugonjwa umekwisha. Kwa hiyo barakoa si lazima tena, lakini mwenye kukohoa avae, si haya. Kupana mikono tumerudilia, na mimi nafurahi, kwa sababu kusalimia mzee kwa kiwiko ilikuwa kama kumutukana.

Lakini ndoo ni neno lingine. Virusi ya Korona iko na ngozi ya mafuta, na sabuni inaipasua kama inavyotoa mafuta ku sahani. Inaomba kusugua sekunde 20 hivi. Na mu mvua, robine ikikauka, watu wanachota ku visima karibu na vyoo, na kipindupindu kinaingia. Kile hakina undugu na Korona, kinapita mu maji na mikono michafu, na kinaweza kuua mutu kwa saa chache. Bukari tunakula na mikono, si vile?

Iko jambo lingine, zito kuliko ndoo. Wakati wa kufungwa, watoto wengi wa kartie zetu walienda kuchimba mawe ao kuuza ku barabara, na mabinti wengine walizaa. Wengi hawakurudi. Waliorudi wamekaa na wadogo zao, wenye miaka 20 pembeni ya wenye 16. Kuwaita « papa ya kalasi » kunawafukuza mara ya pili. Nimesikia jina ile mu darasa mbili, na wenye kuisema wananijua.

Juma hili zamu ya kujaza ndoo ni ya mwaka wa tatu. Sabuni iko kwangu, mbele ya kengele ya asubuhi.