Herufi Isiwe Jina la Mwanafunzi

Tangu mtihani wa KCSE ufanywe kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989, shule zetu za sekondari zimetawaliwa na ngazi yenye gredi 12, kuanzia A ya pointi 12 hadi E ya pointi moja. Wapo wanaotaka herufi hizo zifutwe katika ripoti za wanafunzi kwa kuwa zinawavunja watoto moyo. Wapo pia wanaozitetea kwa dhati. Nikiwa mwanaisimu, naona kwamba pande zote mbili zimesahau swali la msingi: je, herufi hiyo inasema nini, na inamwambia nani?

Mgala muue na haki umpe. Hapa Kisii na Nyamira, ambako shamba la babu limegawanywa hata likabaki kipande, elimu ndiyo urithi ambao mzazi wengi anautegemea kumwachia mwanawe. Mkulima wa chai au ndizi ambaye hakubahatika kusoma anajua vyema kwamba C+ ndiyo mlango wa chuo kikuu. Kumnyima kipimo hicho na kumwambia tu kwamba mwanawe "anaendelea vizuri" ni kumfumba macho.

Hata hivyo, herufi ni ishara, na ishara hupata maana kutokana na mapatano ya watu. Mwaka wa 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A katika KCSE. Mwaka uliofuata, wakati Waziri wa Elimu alikuwa Dkt. Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, walikuwa 141 tu. Je, akili za vijana wetu zilididimia kiasi hicho kwa miezi 12? Hasha! Kilichobadilika ni ulinzi wa mitihani na namna ya kuyashughulikia matokeo. Katika ripoti za muhula, maana ya herufi hulegea hata zaidi. Shule moja ikianzia A kwenye alama 80 na jirani yake ikaanzia 70, mtoto mwenye alama 75 atasifiwa huku na kukaripiwa kule.

Mtaala wa umilisi ulikusudia kutibu ugonjwa huu kwa kutumia maelezo: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na chini ya matarajio. Lengo lilikuwa jema, kwani maelezo hayo yanahusu kazi ya mtoto wala si mtoto mwenyewe. Lakini katika mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, maelezo hayo yamekuwa viwango vinane, kuanzia EE1 hadi BE2, kila kimoja na pointi zake. Herufi zimerudi zikiwa zimevaa kanzu mpya.

Hapa ndipo lugha inapotuumbua. Tukisema "amepata E," kitenzi hicho chaeleza tukio, na tukio laweza kubadilika muhula ujao. Tukisema "yeye ni E," tumempa mtoto jina. Aitwaye hivyo kwa miaka minne hulizoea jina hilo, naye hatashangaa akijikuta nje ya darasa kabla ya wakati wake.

Tiba, kwa maoni yangu, imo katika ule mstari mfupi wa maoni ya mwalimu. Mara nyingi huandikwa "Tia bidii" au "Aweza kufanya vyema zaidi," maneno yanayomfaa kila mtoto na hivyo yasiyomfaa yeyote. Linganisha na haya: "Anauelewa ufahamu, lakini anakosea upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya LI-YA. Afanye mazoezi hayo likizoni." Mwanafunzi amejua pa kuanzia, na mzazi, akiandikiwa kwa lugha anayoielewa, amejua la kuuliza.

Najua walimu watasema kwamba madarasa yamefurika. Ni kweli, na Serikali yafaa iajiri walimu zaidi. Ila sentensi moja ya kweli, hata kwa somo lile tu ambalo mtoto amelemewa zaidi, haizidi uwezo wetu.

Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Tusingoje hadi wakati huo. Walimu, muhula huu andikeni sentensi hiyo kando ya herufi. Nanyi wanafunzi, mkikabidhiwa ripoti isiyo nayo, mwendeeni mwalimu kwa heshima mkamwulize: "Mwalimu, nimekosea wapi?"